Ndoano Mbili Ukingoni mwa Kagera

Baada ya Sala ya Alfajiri tuliondoka Kayanga, wilayani Karagwe, tukashika barabara ya Omurushaka hadi Murongo, wilayani Kyerwa. Hapo Mto Kagera ndio mpaka; ng'ambo ni Uganda. Tulifuatana na watoto, ili wajue samaki anakotoka kabla ya kufika jikoni.

Mzee mmoja mvuvi alikubali kutufundisha mshipi wa ndoano zaidi ya moja. Kijana wetu, kwa pupa, alikuwa amekwisha kufunga tano. Alipourusha zilitatana, na moja ikamchoma kidole.

"Mjukuu wangu," alisema mzee huku akiichomoa taratibu, "anza na mbili."

Akatuonesha. Chubwi hukaa chini kabisa. Ndoano ya kwanza hufungwa karibu nayo, kwa ajili ya kambale, apendaye kula chini; ya pili hupanda juu zaidi, kwa ajili ya perege. Vijikamba vya ndoano viwe vifupi, na nafasi baina yake izidi urefu wa vyote viwili, visifikiane. Nasi tusimame mbali na maji, kwani mto huu una mamba na viboko.

Hadi Adhuhuri tulipata kambale mmoja tu. Kijana alinyamaza, kidole kimefungwa kitambaa. Tuliposwali, yeye mwenyewe alizifungua ndoano tatu zilizobaki, akamkabidhi mzee.

Wapendwa wasomaji, samaki ni halali yetu. Pupa ndiyo tuliyokwenda kuifungua mtoni.