Ndengu ni Poa, Lakini Jasho Langu Lilikuwa na Jina Lingine

Leo hakuna utani mwingi. Mwezi wa tatu niliweka video nikiwaonyesha vile natibu "joto la ndani" kwa chakula. Ilitazamwa kuliko video zangu zote. Leo nairekebisha, na kama ulimtumia mtu ile, tafadhali mtumie na hii.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Naishi Gataka na mdogo wangu, keja ya chumba kimoja, na kazi yangu ni kuhariri video usiku. Kahawa vikombe vitatu, smoki na kachumbari ya pilipili, nalala saa tisa. Mwaka ulipoanza nikawa naamka shuka imelowa chapachapa, na mnajua baridi ya Gataka usiku. Viganja moto, mdomo mkavu, kakikohozi kakavu hakaishi, suruali zinanipwaya. Nikajiambia ni presha ya maisha tu.

Nikatafuta mtandaoni, nikaangukia tiba ya jadi ya Kichina. Wanasema mwili una pande mbili. Yang ni moto unaokusukuma, yin ni maji yanayoupooza. Ukikesha na kujichosha, yin inapungua. Fikiria sufuria kwa jiko: maji yakikauka inaungua, hata kama hujaongeza moto. Dalili walizoorodhesha? Jasho la usiku, viganja na nyayo moto, mdomo mkavu, kikohozi kikavu, kukonda, usingizi mbovu. Manze, ni kama mtu alikuwa ameniandika mimi.

Na haikuniingia kama kitu kigeni. Hata wazee wa Pwani watakuambia kuna vyakula vya joto na vya baridi. Ushauri wenyewe ni rahisi: punguza pilipili, tangawizi, kahawa, pombe na vya kukaanga. Kula peasi, tikiti maji, mayai, simsim nyeusi, tofu. Na ndengu! Hizi hizi zetu za kula na chapo, Wachina huzichemsha supu wakati wa joto kali ili kupooza mwili. Nikaenda kwa mama mboga nikabeba kilo mbili.

Nikaacha kahawa, nikaanza kulala saa nne. Baada ya wiki mbili usingizi ulikuwa mtamu, nikajiona nimepona, nikapost. Kitu sikuwaambia ni kwamba jasho halikuwa limeisha. Video ilikuwa inapanda, na ukweli ungeiharibu. Hiyo ndiyo sehemu inaniuma.

Halafu msee mmoja akanitumia ujumbe: "Bro, nimekula ndengu wiki tatu. Bado nalowa usiku na sasa nakohoa. Niongeze nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na hiyo simu mpaka usiku wa manane, na mimi mwenyewe nikikohoa. Asubuhi nikapanda boda hadi kituo cha afya cha serikali. Kabla hata sijakaa, sista akaniuliza: "Kijana wangu, unakohoa? Unapata homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito?" Maswali manne. Matatu kati yake yalikuwa kwa video yangu, ila mimi niliyaita ukosefu wa yin.

Akanipa kikopo nitoe makohozi. Yakapimwa kwa mashine inaitwa GeneXpert. Majibu: TB.

Sasa msiniletee matusi ya Wachina hapa. Waganga wao wa kale waliona wagonjwa wakikonda, wakikohoa na kulowa jasho, wakaeleza walichokiona kwa maneno waliyokuwa nayo, na mara nyingi waliita ni yin imekauka. Nani angewalaumu? Kijidudu cha TB kilitangazwa na Robert Koch mwaka wa 1882. Waliona moshi vizuri sana, ila hawakuwa na darubini ya kuona kinachoungua.

Na tiba hiyo hiyo imetupa kitu kikubwa. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma kitabu cha kale cha Kichina, akapata wazo la kutoa dawa ya malaria kwa mmea, akaipima maabara, akaijaribu hata kwa mwili wake. Mwaka wa 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Dawa za malaria tunazopewa Kenya leo zina asili hapo. Lakini yeye alipima. Mimi nilipiga video.

Niko mwezi wa nne wa dawa, kati ya sita. Hospitali za serikali dawa za TB ni bure, sijalipa hata bob. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, usishtuke. Usiache katikati kwa sababu unajisikia fiti, maana ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Mdogo wangu naye alipimwa, yuko sawa. Na kama unatumia unga wowote wa mitishamba, mwambie daktari, kwa sababu dawa hizi zinaweza kusumbua ini.

Cha kuchekesha ni kwamba sista aliponiambia nile vizuri, alitaja mayai, maharagwe na ndengu. Kwa hivyo bado nazila. Bado nalala saa nne. Ule ushauri ni mzuri kwa mtu anayekesha na kuishi kwa kahawa, ila hauui TB. Jasho likikulowesha usiku baada ya usiku, au kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kwanza, supu itakungoja.

Yule msee nilimjibu siku ile ile nilipopata majibu. Tiki zimegeuka buluu, lakini hajaandika kitu. Bro, kama unasoma hii, nenda ukapimwe. Halafu niambie umeambiwa nini.