Baraza la Watu Wanne

Nilipofika Ohio mwaka 1996 kutoka Mombasa, chuo nilichokwenda kusoma kilikuwa kikiongozwa na watu wanne: rais wa chuo, mkuu wa taaluma, mlezi wa wanafunzi na mhazini. Jina la chuo tuliache. Ni kimoja katika vile vyuo vidogo vya Marekani vinavyofundisha shahada ya kwanza tu, ambako hata anayetaka kuwa daktari husomeshwa falsafa, historia na lugha ya kigeni. Wanafunzi hawafiki elfu mbili. Usipoonekana darasani, mwalimu anauliza uko wapi.

Kwetu wakati ule Rais Moi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na mwanafunzi alimwona siku ya mahafali, kwa mbali, kati ya walinzi. Huku Ohio rais wa chuo alipanga foleni ya chakula nyuma yangu, kabeba sinia lake. Isitoshe, alifundisha. Nilisoma kwake historia ya Matengenezo ya kanisa huko Ulaya, na alama alizonipa hazikuwa za huruma.

Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Nikapata kibarua katika jengo la utawala. Kila Jumatatu jioni nilitoa nakala za ajenda ya kikao cha Jumanne: nne za wakubwa, ya tano ya katibu muhtasi. Ajenda ilikuwa ukurasa mmoja. Paa la bweni linavuja. Mwalimu wa Kilatini anastaafu, je, nafasi yake ijazwe? Hilo la Kilatini walilijadili wiki nyingi, na mwishowe wakaajiri.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wote wanne walikuwa wanaume, wote Wazungu, na kati yao watatu walikuwa wamefahamiana tangu ujana. Wazee wanne wakielewana, malalamiko mengi huishia humo humo chumbani, hasa ya wasichana. Sisi wanafunzi tulijua, na tulinong'ona.

Baada ya shahada ya pili nilirudi pale kama mfanyakazi, katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nikakuta baraza limeanza kupanuka. Wa kwanza kuongezwa alikuwa makamu wa rais wa udahili. Zamani udahili ulikuwa ofisi ya kupokea fomu. Sasa ulikuwa ndio roho ya chuo, na sababu yake ni hesabu ambayo wazazi wengi wa kwetu hawaielewi mpaka leo. Karo inayotangazwa na chuo binafsi cha Marekani si karo inayolipwa. Chuo hutaja bei kubwa, kisha humpunguzia karibu kila mwanafunzi na kukiita kipunguzo hicho msaada wa masomo. Siku hizi kwa mwaka wa kwanza vipunguzo hivyo, kwa wastani wa vyuo binafsi, vimepita nusu ya bei iliyotangazwa. Anayepanga nani apunguziwe kiasi gani ndiye anayeamua kama mishahara italipwa. Mtu kama huyo hawezi kuachwa nje ya kikao.

Wengine wakafuata, na kila mmoja alikuja na sababu yake. Makamu wa uchangishaji alikuwa wa kuwabembeleza wahitimu matajiri. Baada ya msukosuko wa masoko mwaka 2008, mfuko wa wakfu ulipopungua thamani, akawa na nguvu kumpita mhazini. Mwanasheria aliletwa na sheria zilizozidi kuongezeka. Jeanne Clery aliuawa bwenini katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986, na kwa sheria iliyotungwa mwaka 1990 vyuo vinalazimika kutangaza takwimu za uhalifu. Mwaka 2011 wizara ya elimu ikakaza masharti juu ya unyanyasaji wa kijinsia. Yale yaliyokuwa yakiishia chumbani yakapata njia ya kutoka, na hapo nasema heri. Kisha wakaja, miongoni mwa wengine, wa teknolojia, wa mawasiliano, wa usawa na ujumuishi. Wanawake waliingia, na Weusi pia. Nakala nne zikawa kumi na moja.

Niliitwa humo mara kadhaa kueleza habari za viza. Hakuna aliyekuwa akifundisha tena, hata mkuu wa taaluma. Ajenda ilikuwa majedwali, na katika jedwali moja masomo yalipangwa kwa idadi ya wanafunzi yanaowavuta. Kilatini kilikuwa mkiani. Kilifutwa katika kikao kimoja, kabla ya chai ya saa nne.

Sikuwaona kuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Mwaka 2007 Marekani ilizaa watoto zaidi ya milioni 4.3, kisha idadi ikashuka na haijarudi hapo. Waliozaliwa mwaka ule wametimiza miaka 18 mwaka 2025. Mwezi Machi 2015, chuo cha wanawake cha Sweet Briar, Virginia, kilitangaza kwamba kinafungwa. Wahitimu wake walichangishana mamilioni, wakaenda mahakamani, uongozi ukabadilishwa, na chuo kiko wazi hadi leo. Wells cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1868, hakikupata bahati hiyo: kilitangaza mwishoni mwa Aprili 2024 kwamba kinafungwa, kikafungwa muhula ulipokwisha, majuma machache baadaye.

Lakini nimeona pia kwamba umbo la uongozi hufuata mahali pesa inakotoka. Berea, kule Kentucky, hakijatoza karo tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, na wakfu wake, uliopita dola bilioni moja, ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama. Chuo cha namna hiyo hakina haja ya kumwinda mlipaji, kwa hiyo udahili wake huchagua wasio na uwezo. Sasa vyuo vingi haviwezi kuiga hilo, maana wakfu wa kiasi hicho haupatikani kwa miaka mitano.

Hukumu yangu ni hii: baraza la watu wanne lilimjua mwanafunzi na likawaficha wakosaji, baraza la watu kumi na mmoja linawafuata wakosaji na halimjui mwanafunzi.

Wewe mzazi wa Mombasa, Arusha au Bujumbura uliyepokea barua nzuri ya udahili yenye msaada wa masomo, usilipe chochote kwanza. Vyuo binafsi vya Marekani vilivyo vingi hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990, nayo iko wazi kwa umma, bure, kwenye intaneti. Humo mna majina ya viongozi, mishahara yao, mapato na matumizi ya chuo. Soma ya miaka mitatu mfululizo. Ukiona matumizi yanazidi mapato kila mwaka, mwandikie aliyekutumia ile barua, umwulize chuo kitakuwapo mpaka mwanao ahitimu, na udai jibu la maandishi.