Mstari wa Koroboi

Sisi tuliokulia Mbagala tunajua kwamba kupigwa picha ni kusimama. Unavaa nguo ya sikukuu, unaingia studio, mpiga picha anakwambia inua kidevu, usipepese macho. Ukitikisika umeharibu, na hela yako hairudi. Ndiyo maana nikisema napiga picha usiku nikiwa ndani ya gari linalokwenda, tena naiacha kamera imefumbua jicho sekunde 4 nzima, watu hunitazama kama mtu aliyerogwa. Eti, "Si itatoka ukungu?" Naam, ndugu msomaji, inatoka ukungu. Lakini ukungu huo una mpangilio wake, na humo nimesoma mambo ambayo darasani sikuyasoma.

Gari lenyewe ni Kirikuu ya mjomba. Hubeba mizigo ya watu kutoka Kariakoo hadi Mbagala, na kazi nyingi huzipata jioni. Mimi ndiye mpakiaji wake. Tangu nimalize kidato cha nne, kazi hiyo ndiyo inayoninunulia madaftari, maana mchana naandika riwaya ambayo mama huiita "hiyo hadithi yako isiyoisha." Kamera ni ya mtumba, kioo chake cha nyuma kina ufa.

Kazi yenyewe si uchawi. Futa kioo cha mbele, ndani na nje, kwa sababu alama ya kidole hugeuka wingu taa zikiipiga. Zima taa ya ndani, zima na flashi. Kamera usiishike mkononi. Mimi huilaza kwenye dashibodi juu ya kifuko cha maharage, kilo moja, kinaikumbatia isicheze. Tundu la lenzi 5.6, ISO 200. Kisha naweka kamera ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2, ili kidole changu kisiitikise. Dereva hahusiki hata kidogo. Mjomba macho yake yako barabarani, kamera ni shughuli ya abiria.

Kirikuu ikienda kilomita 40 kwa saa, katika sekunde 4 imekula mita 44 hivi. Kilichomo ndani ya gari kinasafiri pamoja na kamera, kwa hiyo hutulia: usukani, kofia ya mjomba, risiti za mizigo. Cha nje chote huvutika. Taa huchomoka katikati ya picha zikakimbilia pembeni kama mvua inayonyesha imelala. Tukiruka tuta, mistari yote hupanda na kushuka kwa pamoja, hata ukitazama picha unajua lami imebonyea wapi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Zile taa za barabarani za rangi ya chungwa hazichori mstari mzima, huchora shanga. Umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, basi taa hizo hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inayosafiri inaona, inatundika shanga moja moja. Koroboi haina habari hizo. Moto wa mafuta ya taa hauzimiki katikati, kwa hiyo mstari wake haukatiki.

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani juu. Kamera za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kwa picha moja. Watu na magari ya farasi walipita upesi mno, hawakuandikika, na mtaa ukatoka mtupu. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu, na kivuli cha msafishaji wake. Paris, aliyetembea alifutwa, aliyesimama akabaki. Ndani ya Kirikuu mambo yamepinduka. Anayetembea ni mimi na kamera yangu, na wanaofutika ni wale waliosimama: muuza mihogo, fundi viatu, abiria wanaosubiri daladala Mtoni Mtongani.

Na mama. Mama yangu anakaanga samaki Rangi Tatu, kuanzia magharibi hadi saa nne usiku. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara jijini, naye alihamishwa, kisha akarudi, hatua chache nyuma ya mtaro. Hajui atakaa hapo mpaka lini. Taa yake ya kuchaji ilikufa betri, kwa hiyo anatumia koroboi, kaikinga upepo kwa kipande cha bati.

Usiku mmoja nilimpelekea kamera aione picha.

"Mimi niko wapi hapo?"

Nikamwonyesha mstari mwembamba wa manjano, chini kushoto.

"Huu?"

"Ndiyo mama, hiyo ni koroboi yako."

Akageuza samaki kwanza. "Miaka yote nakaa hapa, kumbe nimekuwa uzi?" Mteja akacheka. Mama hakucheka. "Na samaki hawaonekani. Wala ada yako niliyolipa haionekani."

Nikampiga picha nyingine papo hapo, tumesimama, na flashi. Weee! Akafungua kanga ya kiunoni, akaweka mwiko chini, akainua kidevu. Sura yake yote imetoka, hata kovu la mafuta mkononi. Ila mwanamke yule wa pichani hakaangi samaki. Anasubiri apigwe picha. Hizo ndizo picha mbili nilizo nazo za mama: moja ina kazi yake bila yeye, ya pili ina yeye bila kazi yake. Bado sijapata kamera ya kuziunganisha, kwa hiyo naendelea na daftari.

Picha za barabarani nimezibandika ukutani, juu ya meza ninapoandikia. Mistari mingi naifahamu kwa wenyewe. Huu mweupe ni wa kijana wa chipsi, ule wa buluu ni wa dada anayesajili laini za simu. Riwaya ikinigomea, nachagua mstari mmoja nisioujua, naanza kuuliza: mwenye taa hii ameamka saa ngapi leo? Anadaiwa na nani? Usiku ule sisi tulipopita, alikuwa amekula?