Shauri la Punda Wetu

Twaomba ruhusa kuwasimulia shauri lililotuweka barazani kwetu Amani jioni nyingi, tukibishana wenyewe kwa wenyewe. Si shauri kubwa la nchi, ni shauri la punda tu; lakini kila aliye na mnyama bandani mwake huenda likamfikia siku moja.

Punda wetu ni jike, wa rangi ya majivu, mwenye mstari mweusi mgongoni na mwingine mabegani. Twalimnunua miaka sita iliyopita pamoja na gari lake la magurudumu mawili, kwa mtu aliyekuwa akihama. Tulipomwuliza, "Ametoka wapi?" akajibu, "Mimi nami nilimnunua vivyo hivyo." Basi hatukumjua mama yake wala baba yake, wala shamba alikozaliwa, wala kama aliwahi kuzaa. Tangu siku ile amevuta nazi, mchanga, matofali na majani. Na mara nyingi mshahara wa mwalimu ulipokwisha kabla ya mwezi, kazi ya punda ndiyo iliyonunua mchele na madaftari ya watoto.

Sasa jirani yetu mmoja amepata punda dume mweupe, mrefu, wa mbegu ya Maskati. Akatuambia kwa ukarimu, "Mwalimu, mleteni jike wenu. Sitaki malipo." Neno hilo likaingia mioyoni mwetu. Twalijua ya kuwa punda wetu hatadumu milele, na tukasema, na azae mrithi wake kabla hajaishiwa nguvu.

Mwana wetu mkubwa alifurahi sana. Alitukumbusha jinsi punda walivyochinjwa kwa wingi katika Afrika kwa ajili ya ngozi zao, zipelekwazo Uchina kuchemshwa ziwe dawa, hata Umoja wa Afrika, katika mkutano wake wa Addis Ababa wa Februari 2024, ukakubali kukataza uchinjaji huo kwa muda wa miaka 15. "Punda jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja," akasema, "na mimba yake ni ya mwaka. Kama kila mtu ataacha wake asizae, punda watatoka wapi?" Hatukuwa na jibu la upesi, maana maneno yake yalikuwa ya kweli.

Mama watoto yeye aliuliza jambo lingine: "Mtoto wa nani huyo tutakayemlea? Hatumjui mama yake asili yake." Hapa ndipo tulipoanza kuzungumza habari za ukoo. Watu wa zamani wa Unguja walitenga punda kwa aina: punda wa Maskati, mweupe na mrefu, ndiye wa kupandwa na wakubwa, na kihongwe, punda wa bara, ndiye wa mizigo, naye husemwa kuwa mkaidi. Waarabu wa jangwani katika habari za farasi huuliza kwanza ukoo wa mama, ndipo wauliza wa baba. Na Sayyid Said, aliyependa farasi sana, alipopeleka merikebu yake Sultanah hata New York mwaka 1840, kati ya zawadi zake mlikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Mithali nayo yatuambia, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Lakini tulikumbuka pia jambo tulilosoma. Waingereza wana kitabu cha koo za farasi wao wa mbio, kilichoanza kupigwa chapa mwaka 1791, na watu husifu sana usafi wa koo zile. Hata hivyo ukifuata majina nyuma na nyuma, wafika kwa majike ambao mama zao hawakuandikwa, wala asili yao haijulikani. Basi hata nasaba yenye fahari huanza mahali fulani kwa mama asiyejulikana. Tukajiambia kuwa ukoo usiojulikana si ukoo mbaya. Punda wetu mwenyewe ametuonyesha alivyo kwa miaka sita: miguu yake imenyoka, kwato zake ni ngumu, hapigi teke, wala hamwogopi mtoto mdogo. Hiyo nayo ni barua yake ya sifa.

Tukiwa tumekwisha karibu kukata shauri la kumpeleka, alipita mzee mmoja aliyeendesha gari la punda tangu ujana wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," tukamweleza yote, habari za Maskati na za kitabu cha Waingereza. Akasikiliza kwa saburi, kisha akasema, "Marahaba, Mwalimu. Umeuliza sana baba na mama yake. Je, umemwuliza yeye?" Akaenda bandani, akamshika punda taya kwa upole, akafunua midomo yake. Meno ya mbele yalikuwa yamelala kuelekea mbele, na vishimo vyeusi vya ujana vilikuwa vimesagika vyote. "Akipita miaka 10 meno hayasemi sawasawa," akanena, "lakini huyu ana 18 au zaidi. Sasa fanya hesabu, wewe ndiwe mwalimu."

Tukafanya hesabu. Mimba ya punda ni karibu miezi 12, na pengine hufika 13 au zaidi. Kwa miezi ya mwisho hafai kuvuta mzigo mzito. Akiisha kuzaa, mtoto atanyonya kama miezi sita. Na mwana-punda hafungwi garini kabla mifupa yake haijakomaa, yaani mpaka awe na miaka kama minne. Basi siku mrithi atakapoweza kuvuta gari, mama yake atakuwa na miaka 23 au zaidi. Na miaka ile yote ya kungoja, nani atavuta? Mama yule yule, mwenye mimba, kisha mwenye kunyonyesha, kisha mzee kabisa. Tulidhani twamtafutia mrithi ili apumzike. Kumbe tulikuwa tukimwongezea mzigo wa mwisho, mzito kuliko yote.

Tena bwana mifugo tuliyemwendea alituambia ya kuwa jike aliyezeeka bila kuzaa hushika mimba kwa shida, na kuzaa kwake kwa kwanza kwaweza kuwa na hatari. Punda mwenye mimba akiacha kula kwa siku chache tu, mafuta ya mwili huingia katika damu yake yakamwua. Na mama akifa, mtoto lazima apate maziwa ya kwanza ya punda mwingine mara tu baada ya kuzaliwa, kisha anyweshwe usiku na mchana; wala maziwa ya ng'ombe si sawa na ya punda, kwa kuwa yana mafuta mengi zaidi na sukari kidogo. Katika nyumba ya watu wa kazi, nani angekesha?

Twapenda kukiri na jambo moja la aibu. Tulipojipima vema tuliona kuwa si mrithi tu tuliyemtaka. Tulitaka kuonekana njiani na punda mweupe, watu waseme, "Tazameni punda wa Mwalimu." Jike yule tulimsifu upole wake, lakini kwa siri tulitaka atuzalie fahari ambayo sisi wenyewe hatukuwa nayo.

Basi tulikata shauri kutompeleka. Jirani tukamshukuru, naye hakukasirika. Mwana wetu alinyamaza siku mbili, kisha akashika kalamu akaandika hesabu mwenyewe, akaona. Neno lake la kwamba punda wasipozaa watatoweka hatukulitupa. Tumeanza kuweka akiba kidogo kidogo tununue jike kijana aliyekwisha kufundishwa kazi; huyo, akiwa na afya, ndiye tutakayempeleka kwa dume yule, hata kama ukoo wake nao haujulikani. Mzee wetu tumemwondolea mchanga na matofali. Sasa avuta nazi na majani tu, nusu ya mzigo wa zamani. Mwisho wa mwezi twaona upungufu wake mezani, wala hatuufichi.

Watu husema, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mithali hiyo ni ya mwenye mzigo, punda hakuulizwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jike mzee, naye hujui atokako, usihangaike sana kwa ajili ya mababu zake. Tazama meno yake, hesabu miaka ya mtoto pamoja na miaka ya mama, kisha jiulize kwa kweli ni nani anayemtaka mtoto yule, na kwa sababu gani. Ukisha kujibu hayo, shauri lako li karibu kwisha.