Safari Yangu ya Kwanza Tidbinbilla

Ukitoka Canberra kuelekea kusini-magharibi, barabara inapita katikati ya malisho na vilima vya mikaratusi, kisha madishi meupe ya kituo cha kufuatilia vyombo vya anga za juu yanachomoza bondeni. Tulipofika tuliagizwa tuzime simu, maana mawimbi yanayopokelewa hapa yametoka mbali mno na yamefifia.

Nilisimama nikilitazama dishi kubwa, lenye kipenyo cha mita 70. Nilidhani limetulia. Nilipolinganisha ukingo wake na kilele cha kilima, nikaona unashuka polepole: lilikuwa likifuata chombo huku Dunia ikizunguka.

Nilivutwa hapa na kisa cha NEAR, chombo cha Marekani kilichopita kilomita 540 hivi juu ya uso wa Dunia tarehe 23 Januari 1998, ili mvutano wa Dunia uipinde njia yake kuelekea kwenye asteroidi Eros. Kituo cha Goldstone, California, kilicho katika mtandao mmoja na hiki cha Canberra, kilikifuatilia kikija. Kwa zaidi ya saa tatu hakuna kituo cha mtandao huo kilichokiona, hadi Canberra ilipokinasa kikiondoka. Masafa ya redio hubadilika chombo kinaposogea, kama king'ora cha ambulensi inayokupita, na hapo ndipo kasi inaposomwa. Safari hii kasi ilizidi hesabu kwa milimita 13 na ushei kwa sekunde.

Ni kidogo sana kwa chombo kilichopita kwa karibu kilomita 13 kwa sekunde, lakini vipimo hivi hutambua hata sehemu ya kumi ya milimita. Chombo cha Galileo nacho kilizidisha karibu milimita 4 kwa sekunde kilipopita Dunia mwaka 1990, na kile cha Rosetta karibu 2 mwaka 2005. Msuguano wa hewa, msukumo wa mwanga wa Jua, maji kujaa na kupwa, kanuni za Einstein: vyote vilikaguliwa, na hakuna kilichotosha. Mwaka 2008 mwanafizikia John Anderson na wenzake walitoa kanuni inayohusisha ziada hiyo na mzunguko wa Dunia. Lakini Rosetta ilirudi mwaka 2007 na 2009, chombo cha Juno kikapita mwaka 2013, na ziada haikuonekana.

Nawaheshimu wahandisi walioitangaza tofauti ndogo hivyo badala ya kuifukia. Deni lililobaki ni letu sote: kila chombo kinachopita chini namna ile kifuatiliwe mfululizo, kikija, kikipita na kikiondoka, kwa sababu jibu la NEAR huenda lilipita katika saa zile ambazo hakuna aliyekuwa akisikiliza.