Kumbe Swichi Ikizimwa Haijazimika

Nimekuwa kimya wiki mbili kwa sababu ya samaki wa shangazi yangu hapa Kendu Bay.

Shangazi huuza mbuta na ngege. Stima ikipotea na kurudi ghafla inaweza kuharibu friza, kwa hivyo nilimtengenezea kifaa: stima ikirudi, kisubiri dakika 3 ndipo kiwashe friza. Vipima joto viwili na amplifaya zake nilivipa betri ya sola. Maikrokontrola, pamoja na 4066, ile chipu ya swichi inayochagua kipimo cha kusomwa, zilipata volti 5 kutoka kwa chaja ya simu.

Usiku mmoja stima ilipotea, ikarudi. Friza haikuwaka. Asubuhi tulimwaga beseni nzima ya samaki. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo mashine yako ilikuwa ikinikonyeza wakati wa giza."

Inikonyeze vipi bila stima? Nikachomoa chaja, nikashika mita: volti 2.1 mahali nilipotarajia 0!

Mimi ni mtu wa programu. Kwangu kitu kikizimwa kimekufa. Swichi ya ukutani ni vipande vya chuma, ukiviachanisha vinabaki hivyo. 4066 ni transista, nazo zinahitaji umeme ili zikatae kupitisha ishara. Tena kila mguu wa ishara una dayodi ya kinga inayoelekea kwenye laini ya umeme. Karatasi ya chipu inasema ishara isizidi volti ya chipu kwa zaidi ya 0.5. Nilikuwa nikisoma hapo 5.5. Stima ikipotea, kikomo ni 0.5 tu! Amplifaya za sola zilipenya kwenye dayodi na kulisha maikrokontrola nusu shibe. Ikaduwaa, na kwa kuwa volti haikushuka hadi chini, stima iliporudi haikuanza upya.

Dawa: rizista ya kilo-omu 10 kwenye kila ishara, na ya kilo-omu 1 kati ya laini ya volti 5 na graundi, ya kumwaga kinachovuja. Nikachomoa tena: taa kimya, mita chini ya volti 1. Nikarudisha. Dakika 3, friza ikanguruma.

Samaki nimewalipa kwa mshahara wa mwezi huu. Wadau, mkijaribu mitambo yenu, msiishie kuiwasha. Izimeni pia, kisha mpime.