Mgeni Asiye na Hatia

Kwa miaka kumi mwalimu mstaafu wa Makunduchi alikusanya maneno ya Kikae kutoka kwa wazee, ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Hazina hiyo yote aliiweka katika kompyuta moja ya mpakato, ya aina ya zamani ambayo kadi yake ya picha huchomoka. Kadi ilipokufa, fundi wa mtaani aliifungua na kutia nyengine. Siku ya tatu kioo kikajaa michirizi ya kijani, na herufi zikakatika vipande. Mwalimu akailaani kadi mpya.

Fundi kijana wa mjini hakukubali upesi. "Mwalimu, tusimhukumu mgeni kabla ya ushahidi."

Akaiwasha: michirizi ilitokea hata kabla ya Windows kuanza, basi kosa halikuwa la programu iendeshayo kadi. Akaunganisha monita ya nje: maandishi yakatoka safi, na kadi nayo ikaokoka lawama. Akakisogeza kifuniko taratibu: michirizi ikaufuata mkono wake. Waya wa kioo ulibanwa kwenye bawaba siku ile kompyuta ilipofunguliwa, na kila kifuniko kilipofungwa ulizidi kuumia.

Kabla ya kushika bisibisi, kijana aliyanakili maneno yote, akitumia monita ile ile. Mwalimu aliyatazama yakipita, kimya. Kadi ingalinunulika tena, na waya pia. Waliomtamkia maneno yale, la.